Ule wimbo wa treni wa mzee Masekela, ile ya laivu, ni rekodi ipi hasa?

chalii_wa_sakina

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada maana nimetafuta hadi nimechoka. Kuna duka moja la spika hapa Arusha (silitaji) ukienda kununua subwufa fundi anakuwekea wimbo mmoja tu wa kujaribia, unaanza kimyakimya, kuna jamaa ana sauti nzito anaongea Kiingereza anahadithia treni, anataja nchi, Malawi sijui Zambia sijui Msumbiji, afu anaiga treni kwa mdomo, chu chu chu, anapiga ukelele kama honi mpaka nywele zinasimama, mwisho wanalipuka bendi nzima na tarumbeta juu. Watu wanashangilia kwahiyo ni laivu. Nikamuuliza fundi akasema "hiyo ni Masekela" basi, akaendelea na mteja mwingine.

Sasa nikaingia mtandaoni nikapata wimbo unaitwa Stimela wa huyohuyo Masekela lakini sio ule. Huu hauna watu, ni mfupi, ngoma zake tofauti kabisa, na yeye mwenyewe anasikika bado kijana. Kuna nyingine laivu nayo siyo. Jamaa wa kuingiza nyimbo kwenye flashi huku stendi ndo kabisa, kaniwekea kwaya.

Naombeni jina la albamu yenyewe na nani wanapiga humo, na kwanini pale dukani unasikika vile afu kwenye spika yangu ya bluetooth unasikika kama redio ya mlinzi. Na kama kuna mtu anaelewa yule mzee anasema nini pale mwanzo anisaidie, Kiingereza chenyewe nakisikia nusu nusu.

FundiSpika_Kilombero

Chalii angu umefika kwa wenyewe. Albamu inaitwa Hope, ya Hugh Masekela, yule mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, wamerekodi laivu klabu moja inaitwa Blues Alley pale Washington Marekani mwaka 1993, ikatoka 1994 kwa lebo ya Triloka. Stimela ndo wimbo wa mwisho kwenye albamu na unapita dakika kumi, kwahiyo njia rahisi ya kuujua ni kuangalia urefu, ukiona dakika sita ujue ni ile ya studio ya zamani. Hiyo laivu nyingine uliyoipata, kama ni mchana kweupe na uwanja umejaa watu, basi ni Harare 1987, alienda na yule mwanamuziki wa Marekani Paul Simon kwenye ile ziara ya albamu yake ya Graceland, yeye na Miriam Makeba.

Kuhusu mafundi kuutumia, sababu ipo. Blues Alley ni kaukumbi kadogo, meza zimebanana, watu mia na kidogo wamejaa, maiki zimekaa karibu na wapigaji, kwahiyo rekodi imetoka safi na bado unasikia kwamba hiki ni chumba chenye watu. Wimbo unaanzia chini kabisa karibu na kimya afu unapanda, unapanda, mpaka pale anapopiga ile honi. Amplifaya mbovu itajulikana hapo tu. Kama ina mvumo utausikia pale mwanzo wakati mzee anaongea taratibu, kama haina nguvu itakwaruza pale tarumbeta inapoingia. Besi ya humo anapiga Bakithi Kumalo, yuleyule aliyepiga besi ya Graceland, ile besi yake inateleza na inashuka chini sana ila haivimbi, spika za mabati za kuokoteza zinaifanya iwe buu buu buu moja tu. Na ngoma ndogondogo anapiga Remi Kabaka, hizo sikiliza upande upande, ukiwa na spika mbili umezitenga vizuri unaweza ukamnyooshea kidole alipokaa.

Ndo maana kwenye bluetooth yako hamna kitu. Ile ni spika moja, kushoto na kulia vimechanganywa vyote humohumo, na faili lenyewe la kwenye flashi limebanwa mpaka matoazi yanasikika kama mtu anakaanga samaki. Hata ungenunua ya laki tatu shida ni ileile. Tafuta spika mbili za zamani za mbao, amplifaya yoyote ya Kijapani ya mtumba iliyo nzima, waya wa maana, utashangaa.

mtata_wa_njiro

Kila siku Hope, Hope, Hope. Wakuu mi naona hiyo albamu imesifiwa kupita kiasi na wauza spika. Ile Stimela ya kwanza kabisa iko kwenye albamu ya I Am Not Afraid ya 1974 na ndo yenyewe. Pale kapiga na Hedzoleh Soundz, bendi ya Ghana, ambao Fela Kuti, yule mwanamuziki wa Nigeria, ndo alimkutanisha nao, na wapo Wamarekani wawili wa bendi ya Crusaders, Joe Sample kwenye kinanda na Stix Hooper kwenye dramu. Ile ina vumbi, ina hasira, mtu ana miaka thelathini na kitu yuko uhamishoni hajui kama atarudi kwao. Hii ya 1993 ni ya mtu ambaye ashaupiga mara elfu anajua hapa watu watashangilia na hapa watalia. Ni shoo. Shoo nzuri sikatai.

Afu bendi ya 1993 vile vinanda vyake vya umeme jamani, vile vya miaka ya themanini na tisini, vinaniondoa kabisa mchezoni. Sikiliza ule wimbo wa Uptownship mle ndani ya Hope uniambie kama huoni hoteli ya kitalii na watu wamevaa makoti.

mpuliza_matarumbeta

Mtata bwana, hata sijashangaa 😂

Mi niko Moshi, napuliza kwenye matarumbeta ya usharika, zile bendi za KKKT mnazozionaga kwenye maharusi juu ya pikapu, kwahiyo niongelee upande wangu. Kitu mnachokisikia kwenye Hope siyo tarumbeta ya kawaida, ni flugelihoni. Ukiiona kwa mbali utadhani ni tarumbeta iliyonenepa, valvu tatu zilezile, vidole vilevile, mtu wa tarumbeta anaichukua na kupiga siku hiyohiyo. Tofauti ni bomba. La tarumbeta upana wake ni uleule sehemu kubwa ya njia ndo linafunguka mwishoni, la flugelihoni linafunguka taratibu karibu njia nzima, na pale pa kuwekea mdomo pana kina zaidi. Sauti inatoka nene, ya joto, haichomi. Ubaya wake ukienda juu sana inakataa, inapoteza nguvu, wengi wanaitumia kwa nyimbo za polepole tu wakitaka kelele wanarudi kwenye tarumbeta. Sasa msikilize huyu mzee, anaisukuma flugelihoni mpaka inalia kama mtu, inapasuka kidogo pale juu na yeye anaiacha ipasuke. Mwalimu wetu angempiga fimbo. Lakini ndo sauti yake hiyo, noti mbili tu unamjua, hata kwenye Grazing in the Grass ambayo alishika nayo namba moja Marekani mwaka 1968.

Na kingine ambacho watu wa huku mngepaswa kukijua, aliyemtafutia tarumbeta ya kwanza alikuwa padri, Trevor Huddleston, wakati Masekela anasoma shule ya St Peter's kule Rosettenville, Johannesburg. Kijana alikuwa mtundu, akamwahidi padri kwamba akipata tarumbeta hatasumbua tena mtu. Wakaanzisha bendi ya shule, afu Huddleston alipoondolewa Afrika Kusini akapita Marekani akakutana na Louis Armstrong, Armstrong akawatumia wale watoto tarumbeta yake, mwaka 1956. Sasa huyo Huddleston ndo huyohuyo aliyekuja kuwa Askofu wa Anglikana Masasi, kuanzia 1960 mpaka 1968. Masasi ya kwetu hii ya Mtwara! Kila nikiwaambia wenzangu kanisani wanadhani natunga.

chalii_wa_sakina

Aisee asanteni sana, nimeipata Hope nzima sasa hivi na kweli ndo yenyewe, dakika kumi na kitu. Fundi nakuja kwako nikipata hela usinikimbie. Mkuu mpuliza hiyo ya Masasi imeniacha hoi.

Bado ile hadithi ya mwanzo. Nasikia Namibia, Malawi, Zambia, Zimbabwe, Angola, Msumbiji, Lesotho, Botswana, Swaziland... Tanzania haitaji kwanini?

Mama_Kiboriloni

Wanangu hamjambo. Nimepita tu kusoma lakini hili acha nilijibu.

Anachosema ni kwamba kuna treni inatoka nchi hizo zote na pande zote za ndani huko kusini na katikati ya Afrika, imebeba wanaume, vijana kwa wazee, wanapelekwa kwa mkataba kwenye migodi ya dhahabu ya Johannesburg. Anasema wanafanya kazi saa kumi na sita kwa siku na zaidi kwa malipo ambayo ni kama hakuna, chini kabisa tumboni mwa ardhi. Anaeleza chakula chao, mchanganyiko usioeleweka wanatupiwa kwenye sahani za bati kwa sepetu. Anaeleza mabweni wanayolala, machafu, yamejaa viroboto. Afu wakiwa wamekaa humo wakisikia ile treni ya makaa inapita wanawakumbuka wake na watoto waliowaacha, ambao huenda hata hawapo tena pale walipowaacha kwa sababu watu walikuwa wanahamishwa kwa nguvu, na wanailaani ile treni iliyowaleta. Ndo maana ile honi anaipiga vile. Hayo siyo mapambo ya wimbo, huyo Masekela kazaliwa Witbank mwaka 1939, mji wa makaa ya mawe, na bibi yake aliyemlea alikuwa anauza pombe nyumbani kwa wachimbaji haohao. Hadithi hizo alizisikia watu wakiwa wamelewa wanalia mezani kwa bibi yake.

Kwanini Tanzania haitajwi sijui aliwaza nini lakini watu wetu walienda. Waulizeni wazee wa Mbeya na Tukuyu habari za Wenela, ndo lile shirika la kukusanya vibarua wa migodini, Serikali ya Mwalimu ndo iliyokuja kulipiga marufuku baada ya Uhuru. Na huku kwetu kulikuwa na manamba. Baba yangu alikuwa karani shamba la mkonge njia ya Tanga, alikuwa anatuhadithia watu wanavyoshushwa kwenye treni wametoka Kigoma, wametoka Songea, wengine Burundi, wengine Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, kila mtu namba yake, wengine hawakurudi kwao tena, wajukuu zao ndo hao tunasalimiana nao sokoni. Mkiona treni ya Arusha imerudi tangu 2020 mnapandia picha, mnakula mayai ya kuchemsha mpaka Dar, ni sawa, ila reli hiyohiyo ina mambo yake.

Kwahiyo nikisikia kijana anasema huo ni wimbo wa kujaribia subwufa huwa najisikia vibaya. Mtu anaeleza watu wanavyokufa chini ya ardhi na nyie mnaangalia kama besi inagonga.

FundiSpika_Kilombero

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili.

Ila mama nitetee kidogo vijana wako. Mimi huo wimbo nimeujulia dukani, kwa fundi aliyenifundisha kazi, na yeye alikuwa hajui Kiingereza. Lakini kila akiuweka alikuwa anazima kila kitu, hataki mtu aongee, mteja akiongea anamwambia subiri honi ipite. Watu wanasimama mlangoni, waendesha boda, mama ntilie, mpaka uishe. Hiyo albamu ingekuwa inasubiri kupigwa redioni hapa Arusha tungeijua wangapi? Hata huyu chalii asingeuliza.

mtata_wa_njiro

Shikamoo mama, hapo kwa bibi yake na pombe sikuwa najua na imenigusa.

Lakini mama umenisaidia hoja yangu. Hadithi nzito kama hiyo, kuipeleka kwenye klabu ya Washington watu wanakula chakula cha jioni na mvinyo, uma na visu vinalia, ndo hicho nilichokuwa nasema. Mi 1974 siachi.

mpuliza_matarumbeta

Mtata hapo nakukatalia, na sababu ni mwaka. 1993 siyo mwaka wa kawaida. Huyu mtu aliondoka kwao 1960 baada ya mauaji ya Sharpeville, polisi walipowapiga risasi waandamanaji, akaja kurudi 1990 Mandela alipotoka. Miaka thelathini nje. Mama yake alifariki yeye akiwa nje. Sasa anaenda kurekodi Blues Alley ni 1993, yuko kati kati, ubaguzi haujaisha rasmi, uchaguzi wenyewe ni Aprili 1994, watu bado wanauana kule kwao, na yeye anaiita albamu Hope. Na bendi ile kaja nayo ni watu wa nyumbani kwao wengi wao, siyo wanamuziki wa kukodi New York. Themba Mkhize kwenye vinanda, huyo unayemsema wa hoteli, msikilize anavyoingiza zile nyimbo za kanisani za kwao kwenye mkono wa kushoto, mtu wa kwaya yoyote Kilimanjaro atazitambua.

Na usisikilize Stimela peke yake. Sikiliza ule wa Mandela, Bring Him Back Home. Masekela alikuwa anaishi Botswana miaka ya themanini, Mandela akiwa gerezani akamtorosha barua ya heri ya siku ya kuzaliwa, yani mfungwa ndo anamwandikia aliye huru kumpa moyo. Akaisoma akakaa kwenye piano wimbo ukatoka. Ulikuwa wimbo wa kudai, mrudisheni, tunataka kumuona anatembea mitaa ya Soweto (siyo Soweto yetu ya Moshi hii jamani, ingawa na sisi tungefurahi). Sasa Blues Alley anauimba wakati Mandela ashatoka miaka mitatu nyuma, ashatembea hiyo mitaa. Maneno ni yaleyale lakini wanayaimba kama watu waliolipwa deni lao, na wale wa mezani na mvinyo wao wanaitikia. Kwenye studio hicho hukipati, wala 1974 usingekipata kwa sababu kilikuwa hakijatokea.

Kwa upulizaji tu nakukubalia, 1974 kuna moto zaidi. Pumzi ya miaka 35 na pumzi ya miaka 54 siyo moja, tusidanganyane. Lakini mzee anajua pa kunyamaza. Kwenye Ntyilo Ntyilo anapiga noti chache mno mpaka unataka umsukume.

chalii_wa_sakina

Nimesikiliza huo wa Mandela saivi kwa earphone za simu, wakuu wacha tu. Na kuna mmoja unaitwa Lady, si ndo ule wa Fela? Mbona mtamu hivi.

Swali la mwisho nawaachia. Nikimaliza Hope niende wapi? Nataka laivu, za tarumbeta, zenye bendi, siyo zile jazi za lifti.

FundiSpika_Kilombero

Ndo ule wa Fela, walikuwa marafiki. Kama unataka chumba kilekile cha Blues Alley, Wynton Marsalis alirekodi humo 1986, Live at Blues Alley, albamu ya sahani mbili, ila hiyo ni jazi ya Kimarekani yenyewe, wanne tu, kasi, hamna wa kukuhadithia treni, ukaze. Wa kuimba humohumo Blues Alley yupo Eva Cassidy 1996, hamna tarumbeta lakini kwa kujaribia spika sauti ya mtu ni hiyo (samahani mama).

Ukitaka kurudi nyuma kwa Masekela mwenyewe tafuta bendi yake ya Jazz Epistles, wakati ana miaka ishirini, na Abdullah Ibrahim enzi hizo anaitwa Dollar Brand, na Jonas Gwangwa kwenye tromboni, na Kippie Moeketsi. Siyo laivu. Rekodi yenyewe ni ya 1960 usitegemee besi.

Na kwa mwenye hela, Marekani kuna Analogue Productions wameitoa Hope upya kwa sahani na kwa SACD (aina ya CD ya ubora wa juu). Bei yake ukiweka na ushuru unanunua mbuzi wawili Kisongo, kwahiyo tumia ya kawaida tu, CD ya kwanza ya Triloka iko fresh kabisa, tatizo halijawahi kuwa diski.

mtata_wa_njiro

Na Arusha Jazz mbona hamna anayeitaja, au kwa sababu ilikuwa ya hapa hapa? Wale kina Kinyonga walitoka Tanga wakakaa Arusha hii 1970 kabla hawajavuka Kenya kuwa Simba Wanyika. Chalii sikiliza na hao, usiwe unajua klabu za Washington tu.

Mama_Kiboriloni

Hao nimewacheza mwanangu. Ila kule ni magitaa, yeye kaomba tarumbeta.

mpuliza_matarumbeta

Chalii, Jumamosi tuna harusi Arusha, Moshono, njoo usikilize ya bure. Flugelihoni hatuna, ila kuna mzee wetu mmoja kwenye baritoni ukimpa soda mbili anapiga ile honi ya Stimela.

chalii_wa_sakina

Naja na soda nne.